Nani Amezigusa Ndoano Zangu?

Jumatatu, 4 Machi
Mwenye mashua ametangaza: nafasi ni moja. Alhamisi tutavua kwa majaribio, mimi na shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Atakayeshinda anaingia mashuani. Atakayeshindwa anabaki ufukoni kuosha makreti. Nimeosha makreti miaka mitatu! Nanuka mpaka mke wangu ananipa chai kwa mbali.

Shemeji namshuku. Kila jioni anakaa mlangoni akinoa ndoano kwa tupa, kwaruza, kwaruza, kisha anaburuza ncha ya ndoano kwenye ukucha wa kidole gumba. Mara tatu. Na mwenye mashua anapita palepale! Hiyo ni ishara. Mimi si mtoto.

Jumanne, 5 Machi
Nimemuuliza ile ya ukucha ina maana gani. Eti ndoano kali hung'ang'ania ukucha, butu huteleza. Eti nami ninoe zangu, zina kutu. Jibu alikuwa nalo tayari mdomoni! Tangu lini mpinzani akatoa siri bure? Nimemshukuru sana. Sikunoa hata moja.

Mchana nimejipitisha mbele ya mwenye mashua nikitoa ishara ileile, mara tatu. Ndoano ikateleza. Akaniuliza kama nawashwa.

Jumatano, 6 Machi
Balaa! Nimefungua kopo langu: ndoano zote kumi na mbili zinang'aa. Nimegusa moja, damu! Kuna mkono wa mtu hapa. Nikamuuliza mke wangu, aliyekuwa akifagia. Akasema hajui, akazidi kufagia kwa kasi.

Nia ya Shemeji iko wazi: nijichome, nishindwe kushika mshipi. Nimezipeleka nyuma ya nyumba nikazisugua kwenye sakafu ya saruji, moja moja, mpaka zikashika adabu. Saa nzima. Nimezijaribu ukuchani. Zinateleza vizuri kabisa.

Alhamisi, 7 Machi
Kambare saba wamekula chambo changu. Wote saba wameenda zao. Wa mwisho alikuwa mkubwa, nilimwona mpaka sharubu, akaitema ndoano kama mbegu ya papai. Shemeji kapata tisa.

Mwenye mashua akachukua ndoano yangu, akaipitisha ukuchani, akanirudishia. Kisha akampa Shemeji koti la mvua la mashuani. Nililia kidogo nyuma ya makreti.

Ijumaa, 8 Machi
Mke wangu amekiri. Ndiye aliyemwomba kaka yake aninolee, kwa kuwa alitamani sana niingie mashuani. Na kaka yake akakubali, ingawa naye aliitaka nafasi. Mke wangu alisema hayo huku machozi yanamtoka.

Kumbe njama ilianzia humu ndani! Watu wawili, damu moja. Nimekagua nyumba nzima. Jikoni nimekuta visu vitatu vimenolewa, vikali vya kutisha. Vyote nimevimaliza kwenye saruji.

Sasa hivi anakandamiza kisu kwenye kitunguu kwa mikono miwili, na ananitazama kwa jicho la ajabu. Nimeliandika hapa liwe ushahidi.