Hita za Gari Langu na Safari ya Ukweni

Leo nimeadhirika ukweni, na sitaki pole ya mtu.

Nina gari la mizigo la dizeli, kuukuu, linalowabebea wafanyabiashara wa Kirumba hapa Mwanza. Likiwa la moto halina mpinzani. Likipoa ni msiba. Asubuhi taa ya hita inawaka mpaka unasahau ulikuwa unaenda wapi, na bado injini inakohoa tu. Fundi kasema hita, vile vijiti vya kuipasha injini moto kabla haijawaka, zimekufa, nibadilishe zote nne. Mimi nikasema ni betri. (Nimeshabadilisha betri mbili. Bado nasema ni betri.)

Leo nilikuwa najitambulisha kwa wazazi wa mchumba wangu Neema, huko Igoma. Mvua tangu alfajiri, baridi kali. Nilihangaika saa nzima mpaka gari likawaka, nikaapa silizimi mpaka nirudi Pasiansi. Nikampakia baba mdogo, msemaji wangu, tukaenda. Nikaegesha mlangoni, nikaliacha linanguruma.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mbona gari hujazima?" akauliza baba Neema.

"Linachaji betri, mzee."

Tukaketi. Baba mdogo akanisifia mpaka nikatamani kumfahamu huyo kijana: mchapakazi, ana gari lake, zima kabisa. Baba Neema akaitikia kwa kichwa. Chakula kikaja. Nilikula huku sikio liko nje.

Ghafla, kimya.

Shangazi yake Neema akaingia, ufunguo mkononi. "Nimekuzimia, baba. Mafuta yanaungua bure."

Nikamshukuru. (Ningefanyaje?)

Mazungumzo yakaendelea saa mbili nyingine. Tulipoaga, taa ya hita ikawaka, ikagoma kuzima. Nikapiga stata. Ikakohoa. Mara ya pili. Mara ya tano. Ukoo mzima uko barazani unanitazama.

"Tusukume," akasema shangazi.

Kabla sijafungua mdomo, mama yake Neema alikuwa nyuma ya gari. Mama mkwe! Mtu ambaye sisi Wasukuma tunamkwepa hata njiani kwa heshima, ameinama anasukuma gari langu, kavaa kitenge kipya. Nikaweka gia ya pili, nikaachia klachi. Likawaka. Moshi mweusi wote akaupokea yeye.

Nikashuka. Uso wake ulikuwa masizi matupu. Nikaomba msamaha nikiangalia chini. (Hapo angalau niliheshimu mila.)

Baba Neema, aliyeendesha malori ya dizeli maisha yake yote, akanisogelea. Alishajua tangu nilipoingia.

"Kijana, hita zako zimekufa. Kabadilishe, ndipo uje kuchukua jibu letu."

Mtu mwenye akili angesema ndiyo mzee.

"Ni betri, mzee," nikasema.

Baba mdogo akafumba macho.

Sasa hivi Neema kanitumia ujumbe: "Chagua. Betri au mimi."

Nimemwomba anipe mpaka kesho nifikirie.