Swichi Zimefungwa, Nami Nimefunga

Jumatatu, 2 Machi 2026

Kazi nimeipata mimi! Otieno ameikosa. Hata njaa ya swaumu leo sikuisikia.

Maman Pétronille anafungua mgahawa Jumamosi, hapa Brussels, barabara ya Chaussée de Wavre. Anataka kibao cha mlangoni: CHEZ MAMAN PÉTRONILLE, yaani Kwa Mama Pétronille. Otieno, yule Mkenya wa Ixelles mwenye patasi na maringo, alishaanza kuupima ubao kwa viganja. Nikamwahi. Nikamwambia Maman kwamba zama za patasi zimekwisha, mimi nina mashine inayochonga yenyewe kwa kompyuta, herufi zitatoka kama za gazeti. Otieno akasema, "My friend, hiyo mashine itakuumbua." Wivu tu!

Ubao ni wa libuyu, mti wa kwao Kivu, mwekundu na mzito. Ulikuwa uso wa meza aliyoiunda marehemu mumewe, Papa Éliézer, kule Bukavu. Maman aliushikilia muda kabla ya kuniachia. Akaniambia hana kitu kingine kilichopita mikononi mwa mumewe. Nikamwambia aondoe shaka, yuko kwa Kassimu. Sikumwambia kwamba mashine yenyewe sijawahi kuiwasha.

Jumanne, 3 Machi

Mashine iko chumba cha chini, huku Schaerbeek. Nusura, mke wangu, alikataa katakata kuiona sebuleni. Niliichukua kwa jirani Mbelgiji aliyekuwa akihama. Alitabasamu sana aliponisaidia kuibeba. Leo nimejua kwa nini.

Swichi zake zimo kwenye mfuko, hazijaunganishwa! Ziko za namna mbili. Ya home inaiambia mashine pa kuanzia. Za limit zinaiambia dunia inapoishia, isije ikajigonga. Nilipomweleza Nusura, akauliza kama zinatengenezwa pia za waume.

Kila swichi ina mahali pawili pa kukamatisha waya: pa kufungwa na pa kufunguliwa. Nikampigia Gracieuse, binti wa Maman, anayesomea umeme wa mitambo. Akasema, "Tonton, twala ile ya kufungwa. Yenye inafungwa, courant inapita. Waya ikikatika, machine inasimama. Ni sécurité, donc."

Binti mwema, ila shule imempotosha. Bomba likifungwa maji yanapita? Mlango ukifungwa mgeni anapita? Umeme utapitaje palipofungwa! Nikaunga pa kufunguliwa. Mtu mzima haongozwi na wino wa vitabu.

Jumatano, 4 Machi

Nimewasha. Kelele! Maandishi mekundu: limit, limit, limit. Haijasogea hata unywele, inadai imefika mwisho wa dunia. Nikazima, nikawasha. Limit. Nikaipiga kofi. Limit!

Adhuhuri nikatoka kupunga upepo. Pale konani wanakaanga frite, chipsi za Kibelgiji. Upepo ulivuma kutoka upande ule. Sitaandika zaidi.

Niliporudi akili ilikuwa imechangamka ajabu. Nikachomoa waya zote kwenye swichi, nikazifunga zenyewe kwa zenyewe, fundo la nguvu, utepe juu. Kimya! Mashine ikapata adabu. Swichi nimezirudisha mfukoni. Kumbe ndizo zilizokuwa zikileta fitina.

Alhamisi, 5 Machi

Gracieuse kapiga simu kukagua. Akauliza, "Tonton, ulishafunga?"

Nikaguswa. Binti wa Kikristo, na anaijali swaumu yangu! Nikamjibu nimefunga, alhamdulillahi, tangu alfajiri. Akauliza, zote? Nikamwambia zote, tangu mwezi uandame, sijaacha hata moja. (Jumatano haimhusu.) Akacheka, akasema, "Bon, kama ulifunga zote, unaweza anza."

Nimepewa ruhusa na msomi. Sasa nani atanisema?

Ijumaa, 6 Machi

Nimerudi kutoka msikitini, nimelaza ubao mezani, nimebonyeza Home. Kichwa cha mashine kikaondoka kwa heshima kuelekea kwao. Kikafika. Kikaendelea! Krrr, krrr, kinasukuma fremu kama ng'ombe mlangoni. Nikazima mbio mbio.

Nikafikiri. Nikakivuta kwa mkono hadi mbele kidogo juu ya ubao, nikaiandikia kompyuta: hapa ndipo nyumbani. Sisi tulioishi Tanga na tukaja kuishi Schaerbeek tunajua, nyumbani ni pale unapotua. Na ile alama juu ya E nikaifuta. Mapambo ya Kifaransa tu, yatachelewesha kazi.

C. H. E. Z. Safi kabisa! MAMAN ikafuata. Nilikuwa nikipiga makofi peke yangu. Ikachonga P, E, T. Kisha krrr! Ikagonga fremu ya upande wa pili. Haikusimama. Herufi zilizobaki zote zikarundikana mahali pamoja, moja juu ya mwenzake, mpaka pakawa shimo la kutosha kuweka yai.

Nikakaa sakafuni. Nikamkumbuka Maman alivyoushikilia ubao, na moyo uliniuma kwelikweli. Nikaona haya hata kupanda ngazi.

Baadaye nikautazama upya. CHEZ MAMAN PET. Si jina zuri? Fupi, la kisasa. Watu wa siku hizi hawana muda wa kusoma majina marefu. Shimo nitasema ni la kuwekea ua.

Jumamosi, 7 Machi

Nimeupeleka kwa tramu, herufi nje watu wasome. Tangazo la bure! Walisoma. Bibi mmoja Mbelgiji alicheka hadi akafuta miwani. Vijana wakapiga picha. Nikainamisha kichwa kuwashukuru.

Nusura alikuwa ametangulia kusaidia jikoni. Aliposoma tu, akakaa kwenye ngazi, akaziba mdomo kwa khanga. Akaninong'oneza kwamba pet, kwa Kifaransa, ni ushuzi.

Kwa Mama Ushuzi. Mlangoni pa mgahawa.

Maman akatoka na mwiko mkononi. "Mon Dieu, Kassimu! Batu batakula wapi, kwa Maman Pet?" Nikadhani atanipiga nao. Hakunipiga. Akapitisha kidole kwenye lile shimo, taratibu, akaanza kulia. Hapo nilitamani anipige.

Gracieuse akaugeuza ubao. Upande wa pili ulikuwa mzima, mwekundu, na alama za randa ya Papa Éliézer zikionekana. Akaandika jina lote kwa chaki, alama ya E ikiwemo. Otieno akashika ngazi, wakautundika. Wageni wakajaa. Maman kila akipita mlangoni aliugusa ule ubao kwa vidole viwili.

Jioni nilimsimulia Gracieuse kelele za mashine, akaniweka pembeni. Akaniambia kwa upole, "Tonton, shida ni moja. Ulifungula. Ulipashwa kufunga."

Nani kaniona na zile frite? Nilikuwa nimegeukia ukuta!

Jumapili, 8 Machi

Sikulala vizuri. Nimewaza. Binti yule ana kipaji, ameona mbali. Mashine haikuwa na kosa, waya hazikuwa na kosa. Kosa ni la tumbo langu. Mtu avunje swaumu Jumatano, halafu ategemee herufi ziende sawa Ijumaa? Nimeshaomba toba. Siku ile nitailipa baada ya Idi, na konani pale sipiti tena.

Basi mambo yote yamenyooka. Mafundo ya waya nimeyakaza, hayalegei. Swichi nimempa mtoto wa jirani achezee.

Na jana niliutazama vizuri ule ubao. Upande wa pili ni mpana, umelala sawa, hauna hata kovu. Chaki itafutika mvua ikinyesha, na Brussels mvua haiombwi. Kibao kimening'inia kwa kulabu mbili tu. Kesho mgahawa hauna wateja, Maman atakuwa amepumzika kwake.

Nitautoa asubuhi na mapema, adhuhuri uwe umeshachongwa. Maman sijamwambia. Nataka alie tena, safari hii kwa furaha.