Kuku wa Cherehani za Zamani

Kristofa alikuwa ameegemea mlango wa duka moja mjini Lushoto, akila pea ambayo hakuilipia, aliposikia mwenye duka akimwambia mama mmoja, "Cherehani za mkono kama yako hazitengenezwi tena huko Ulaya. Vipuri sina." Mama yule akashika shavu kama aliyeletewa habari za msiba. Kristofa akaacha kutafuna. Mwingine angeona huzuni. Yeye, Mungu amsamehe, aliona baiskeli aliyoitamani siku nyingi.

Akapanda mlima hadi kijiji cha Mgwashi, koti limefungwa vifungo vyote, mkononi chupa ya mafuta ya nyonyo. Akawakuta akina mama wa ushirika wa ushonaji wakitoka darasa la kisomo.

"Shikamooni, mama zangu."

"Marahaba, mwanetu."

"Cherehani zenu kampuni imezitupa mkono. Wa kuzihudumia nimebaki mimi. Ukijiunga nami, mwaka mzima ikigoma nakuja."

"Na isipogoma?" akauliza Dorkasi, mjane mwenye cherehani kuukuu kuliko zote.

"Basi ujue huduma inafanya kazi, mama."

Wakacheka, lakini hofu imeshawaingia. "Ada je?"

"Siku hizi za Ujamaa niwatoze fedha? Kuku mmoja mmoja tu."

Kila cherehani ikapata tone la mafuta. Kufika Jumamosi jioni, tenga la Kristofa lilikuwa limejaa baiskeli: tetea wawili ndio magurudumu, yule mwekundu tandiko, na jogoo wa Dorkasi, mwenye sauti ya kuamsha kata nzima, ndiye kengele. Basi la kushukia mjini lilikuwa Jumatatu, kwa hiyo Dorkasi akamkaribisha kwake.

"Ya kwangu imegoma, mwanangu," akamwambia wakila.

"Ipumzishe, mama. Mafuta bado yanatembea."

Dorkasi akamtazama kitambo, akamwongezea maharage.

Asubuhi akajifunga kitenge kipya. "Twende tukasali."

"Na kuku wangu?"

"Waache tu. Ila paka wangu hajabatizwa."

Kristofa hakumwamini mtu, kwa kuwa alijijua mwenyewe. Akajitwika tenga.

Hakujua kwamba ni Sikukuu ya Mavuno. Njia nzima watu walibeba maharage, ndizi, miwa. Mlangoni mzee wa kanisa akalipokea tenga kwa mikono miwili. "Mungu akuongezee." Kristofa akafungua kinywa, kwaya nayo ikaanza. Alipoliona tena, tenga lilikuwa mbele ya madhabahu.

"Mama," akanong'ona, "waambie ni wangu."

"Wanajua ni wako. Ndiyo maana wanafurahi."

Mwinjilisti Nathanaeli akamwomba mgeni mkarimu asimame. Akasimama. Angesema nini? Kwamba anamdai Mungu kuku, tena mbele ya wenye kuku?

Baada ya ibada sadaka zikapigwa mnada nje, kama ilivyo desturi. Kila mama alitaja bei ndogo kwa kuku wake, na kwa neema isiyoelezeka, hakuna aliyempandia. Magurudumu yakaenda. Tandiko likaenda. Jogoo alipoinuliwa, Kristofa akatoa nauli yake.

"Shilingi mbili."

"Mbili na thumuni," akasema Dorkasi, bila hata kumtazama.

Kristofa akapapasa mifuko yote, hata ule uliotoboka.

Dorkasi akambana jogoo kwapani, akamrudishia Kristofa tenga. "Kesho tunaanza na ya kwangu, mwanangu. Ulisema mwaka mzima."

"Naam, mama. Ngoja nikachukue spana."

Akashuka mlima kwa miguu, tenga tupu kichwani. Alipofika kwenye kona ya kwanza, huko nyuma kengele ya baiskeli ikawika.