Mende Hawanishindi

Jumatatu, 4 Machi
Mende watatu juu ya sufuria, mchana kweupe. Dharau! Mke wangu, mjamzito wa miezi sita, ametoka kliniki na maneno ya nesi: nyumbani tusitumie dawa za wadudu. Mama akizivuta huweza kumfikia mtoto tumboni, na kifua chake kikaja kusumbua baadaye. Mke wangu akamtazama binti yetu, ambaye kifua humbana kila baridi ikija. Nikaapa sitapuliza. Yaani, wakiwa ndani.

Jumanne, 5 Machi
Jirani yetu, fundi cherehani, hana mende hata mmoja. Anajigamba: huziba nyufa kwa saruji, hufunika chakula, humwaga taka kila jioni. Kazi za kizee. Mimi nimesoma. Nimenunua dawa ya bustani ya nyanya. Muuzaji akauliza nina shamba kubwa kiasi gani. Nikamjibu, jiko. Akadhani natania.

Alhamisi, 7 Machi
Mke na binti wameenda sokoni. Nikapuliza jiko zima, nikafunga madirisha dawa isipotee bure. Mpango safi! Ila mende wakahamia chumbani; nikawafuata na pampu. Ila mvua ikanyesha, wa sokoni wakarudi mapema. Binti akaanza kukohoa pale mlangoni, kifua kikilia kama filimbi. Mke wangu akaziba pua kwa mtandio, akamshika mtoto mkono, wakaenda kwa mama yake.

Ijumaa, 8 Machi
Mama mkwe amekuja kuchukua nguo. Nikamkaribisha kiti; akabaki nje. Binti alipelekwa zahanati, sasa anapumua vizuri. Nikajieleza kitaalamu. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akasema:
“Mkwe wangu, hata mende wamekukimbia. Mwanangu angebaki afanye nini?”
Ukutani kwa jirani nikasikia cherehani ikisimama, kisha kicheko.

Jumapili, 10 Machi
Nimefua mapazia, nimesugua sakafu, nimeacha madirisha wazi. Nimeomba radhi pia, kwa unyenyekevu wa kupigiwa mfano. Imekubaliwa! Sharti moja tu: kesho mama mkwe anakuja kunusa kila chumba. Akisikia harufu ya dawa, mke wangu atajifungulia kwao.
Hofu ya nini? Nimegundua dawa ya unga. Haipulizwi, hainuki. Nimeinyunyiza jikoni kote na chini ya kitanda. Mama mkwe anuse mpaka achoke.