Damu ya Chuma

Jumatatu, 3 Machi

Bosi katangaza: majibu ya wiki hii yakitoka, anachagua msimamizi wa maabara. Ni mimi au Miwani, mwenzangu wa meza ya pili, mtu anayeandika hata saa aliyopiga chafya. Cheo changu hicho! Nimeshamwambia mke wangu, naye kamwambia mama yake. Hakuna kurudi nyuma.

Kazi ni kupima kinga za wafanyakazi kumi dhidi ya mafua. Maji ya damu unayachanganya na virusi, unamwagia seli zilizo kwenye visima vidogo vya sahani, unasubiri siku tatu, unahesabu vitundu ambavyo virusi vimekula kwenye seli. Vitundu vichache, kinga kali. Damu yangu imo. Ya Miwani pia.

Jumanne, 4 Machi

Nimechelewa. Miwani kanitangulia saa mbili nzima! Maji ya damu lazima kwanza yakae nusu saa kwenye beseni la maji ya moto. Mrija wa virusi nao ulikuwa barafu tupu. Nikautumbukiza humohumo uyeyuke, nusu saa ileile. Nimemaliza kabla ya Miwani! Kaniuliza mbona haraka hivyo. Nikamwambia ni kipaji.

Ijumaa, 7 Machi

Hakuna kitundu hata kimoja! Nikampigia mama mkwe, nikamwambia binti yake kaolewa na chuma. Akasema hajawahi kusikia jambo zuri kunihusu. Machozi yalinilenga.

Miwani akachungulia. Akauliza kile kisima cha virusi vitupu, kisicho na damu ya mtu, mbona nacho hakina kitundu. Nikasema labda vimeniogopa. Bosi hakucheka. Akauliza niliviyeyushia wapi. Nikaeleza kwa fahari. Akashika kichwa. Eti nimeviua kwa moto kabla havijakutana na damu ya yeyote. Nirudie Jumatatu, Miwani akinisimamia. Aibu gani hii!

Alhamisi, 13 Machi

Kisima changu kimetoboka kama chujio. Kati ya watu kumi, mimi wa mwisho. Miwani wa kwanza. Na ndiye msimamizi. Inauma.

Mama mkwe kapiga simu. Shangazi yake mke wangu ana mafua makali, kila mtu anamkwepa, basi nikamuuguze mimi, chuma. Nimekubali. Ningesema nini?

Jumanne, 18 Machi

Niko kitandani. Homa, kamasi, mwili wote unauma. Shangazi kapona, yuko sokoni.

Lakini nimepata akili! Beseni halikuwa na kosa. Kosa ni ile nusu saa. Nikirudi kazini naweka damu na virusi humo pamoja, dakika kumi na tano tu. Miwani ataisoma namba.