Nyota Tano za Profesa Tai

Fursa, kama mafua, huingia bila hodi. Ilimkuta Profesa Tai kwenye kiti cha kinyozi, povu limemjaa kidevuni, shingo ameikabidhi kwa wembe.

Kwenye televisheni ya ukutani wataalamu wawili wa taasisi za utafiti wa kijeshi walikuwa wanararuana. Mmoja alisema nchi jirani itavamia kabla mvua hazijakatika. Mwenzake akasema nchi jirani haina hata dizeli ya kusogezea vifaru. Wote walivaa suti, wote walikuwa na kabati la vitabu nyuma yao, na wote kila wakibanwa walijibu kwamba takwimu zinaonyesha.

"Sasa hapo mtu umwamini nani?" kinyozi aliuliza, wembe ukiwa hewani.

Tai alifumbua macho. "Hebu rudia."

"Nasema, mtu umwamini nani?"

"Ndugu yangu," Tai alisema, povu likimdondokea kifuani, "umenifungulia duka."

Kuhusu uprofesa wake, tuseme tu kwamba hakuna chuo kilichowahi kumpa na hakuna kilichowahi kumnyang'anya. Jina la Tai alipewa na mtaa. Wapo waliosema ni kwa sababu ya ile tai nyekundu asiyoivua hata jua likichoma. Wapo waliosema ni kwa sababu ya yule ndege anayezunguka juu ya mahali panaponuka. Mwenyewe hakuuliza.

Haikupita muda akapanga chumba juu ya duka la dobi, mahali palipofukuta mvuke wa pasi tangu asubuhi, akabandika kibao mlangoni: Baraza la Kupima Ukweli wa Taasisi za Kijeshi. Mkewe, mshonaji, alishona bendera ya baraza kwa vipande vya pazia.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Taasisi ilileta ripoti. Tai alivaa miwani, akauliza kwa sauti ya hakimu: nani anawafadhili? Mnawapendelea wauza silaha? Mpo huru? Jibu aliliandika. Bahasha aliipima kwa kiganja. Kisha akatoa nyota. Taasisi iliyotabiri vita, ambayo ililishwa na muuza vifaru, ilipata nyota nne. Iliyotabiri amani, ambayo ililishwa na mfanyabiashara anayevusha nafaka mpakani, nayo ikapata nne. Haki sawa kwa wote.

"Kwani unazisoma?" mkewe alimuuliza.

"Nikizisoma nitaanza kupendelea."

Ndipo akaja Kanali, mstaafu mwenye masharubu yaliyonyooka kama yamepigiwa saluti, na ripoti nene kwapani.

"Nataka nyota tano," alisema.

"Tano ni gharama, Kanali. Tano ni heshima."

Kanali hakubishana hata kwa dakika. Akaweka bahasha, Tai akaipima, akatoa nyota tano na mkono wa pongezi. Ripoti aliiweka chini ya mguu wa meza uliokuwa mfupi.

Usiku huohuo ikasomwa redioni. Ilisema vita vikianza, mlima wenye mnara wa redio ndio utakaopigwa. Na chini ya mnara ule, kwenye mtaa wenye nyumba nzuri na upepo mwanana, ndipo Tai na mkewe walipoishi, katika nyumba ambayo mke aliachiwa na marehemu baba yake.

"Profesa," mkewe alisema akizima redio, "hao wanaopigwa ni sisi."

Tai alicheka mpaka akakohoa. "Mke wangu, tulia. Ukweli wa ripoti ile naujua bei yake."

Majirani hawakuijua bei. Waliona nyota. Mwalimu wa nyumba ya jirani akauza, mwenye duka akauza. Dalali mmoja mwenye sura ya msibani alizunguka nyumba hadi nyumba, akitoa pole na kununua kwa bei ya kutupa. Tai aliwahurumia, kama mtu mzima anavyowahurumia watoto wanaoogopa kivuli.

Kisha akaja yule mama. Mwembamba, kandambili zimeliwa kisigino, mfuko wa kitambaa begani. Alikuwa, alisema, mtafiti wa taasisi ndogo isiyo na ofisi.

"Karibu sana, mama. Tutazame nyota," Tai alisema.

"Sitaki nyota. Nimeleta ripoti uisome."

"Nitakupa nne kwa bei ya tatu."

"Nimesema sitaki."

"Basi tano! Utalipa ukipata."

Mama akasimama. "Watu watakufa, wewe unapiga mnada? Utafiti wangu hauuzwi, baba. Na nyota zako sinunui." Akaacha ripoti mezani, akatoka na mlango akaubamiza.

Tai aliivuta ile ripoti karibu. Katika maisha yake alishatukanwa, alishafukuzwa, hata kuchapwa alishachapwa. Lakini mtu kukataa kudanganywa na kukataa kudanganya, vyote kwa mkupuo mmoja, hakuwahi kuona. Asiyenunua hana cha kuuza, alijiambia. Huyu ni mkweli. Akavaa miwani na, kwa mara ya kwanza tangu baraza lizaliwe, akasoma.

Ripoti ilisema Kanali amekosea. Mlima wa mnara hautasubiri vita vianze. Utapigwa kwanza, ili vita vianze.

Alifika nyumbani tai imehamia mgongoni.

"Tunauza," alisema.

"Nyumba ya baba yangu?" Mkewe aliacha cherehani. "Si juzi ulinicheka?"

"Yule wa juzi nilimjua ni mwongo. Huyu hakutaka hata senti."

Walibishana mpaka chakula kikaungua. Mwishoni mke alikubali, si kwa sababu ya ripoti, bali kwa sababu hakuwahi kumwona mumewe akiogopa kitu kwa dhati. Asubuhi dalali akaja na pole zake. Mke alipapasa fremu ya mlango kwa kiganja, akafuata mkokoteni bila kugeuka. Wakahamia chumba cha juu ya dobi, wakalala chini ya bendera.

Mvua zikakatika. Hakuna kilichopigwa isipokuwa pasi.

Mke akakumbuka ameacha meza yake ya kukatia nguo, wakapanda mlimani kuifuata. Langoni walimkuta yule mama mwembamba, viatu vipya miguuni, anamwagilia maua. Barazani, kwenye kiti, alikaa Kanali amevaa fulana, masharubu yamelala.

"Karibuni," Kanali alisema bila kushtuka. "Huyu ni dada yangu. Dalali ni shemeji. Mnakunywa chai?"

Tai alitafuta sauti, akaipata ndogo. "Jeshini ulikuwa kitengo gani?"

"Bendi. Nilipuliza tarumbeta."

"Na ulijuaje kwamba nitamwamini yeye?"

"Profesa, kila aliyekupa hela ulimjua ni mwongo. Ilibidi nikutafutie wa kukunyima."

Mke wa Tai aliwapa mgongo. Alikuwa anatazama barabarani, ambako fundi saa, mzee wa nyumba ya mwisho, alikuwa anafunga godoro kwenye mkokoteni, redio ikiimba juu yake. Naye alikuwa ameuza.

Simu ya Tai ikaita. Kituo cha redio, moja kwa moja hewani: je, Profesa, ripoti ya mlimani bado tuiamini?

"Sema," mkewe alimwambia, akimwonyesha yule mzee.

Tai alitazama godoro. Akalegeza tai. "Ni uongo," alisema. "Zote mbili ni uongo. Nyota niliziuza. Msiuze nyumba zenu!"

Sauti yake ikarudi kutoka kwenye redio ya mkokoteni. Fundi saa akaacha kufunga kamba.

"Haya ni mazito," mtangazaji alisema. "Nani amekulipa useme hivi, Profesa?"

"Hakuna!"

"Hakuna? Mtaalamu wa bure?" Mtangazaji alicheka kwa upole. "Na mbona tumesikia wewe mwenyewe umeshauza, umeshahama?"

Tai aligeuka kutazama lango walilouza.

"Wasikilizaji, mmejisikilizia. Tumtafute mtu mwenye uhakika."

Fundi saa alitikisa kichwa, akakaza kamba, akaanza kuusukuma mkokoteni kuteremka mlima. Barazani, simu ya Kanali ikaanza kuita.