Ombi la Kumfuta Mama Scola Kwenye Orodha ya Kaya Maskini

Abdulmajid Dadi,
Mwenye mitumbwi ya dagaa,
Ujiji, Kigoma.

Kwa Afisa Mtendaji wa Mtaa.

Ndugu Mtendaji,

Nakusalimu kwa heshima zote, nikitumaini kwamba wewe na familia mu wazima na ile mihogo yenu ya Simbo imeshika vizuri. Mimi mwili ni mzima, ila roho imechafuka.

Nakuandikia kuhusu mkutano wa Jumatano, ule wa kutaja kaya maskini zitakazoendelea kupewa ruzuku. Nilikuwepo, nimekaa kiti cha mbele, na niliondoka kabla ya soda kugawiwa kwa sababu niliyoyaona yalinishinda. Wananchi walipoulizwa nani katika mtaa wetu hana uwezo, karibu wote walimtaja Marcelina, mjane wa marehemu Dismasi, tunayemwita Mama Scola. Huyu mama ananianikia dagaa pale Katonga, mwaka wa sita sasa. Namfahamu kuliko wawezeshaji wenu waliokuja na madaftari. Naomba jina lake lifutwe, na hoja zangu ni hizi:

1. Nyumba yake ina bati. Maskini ninaowajua mimi wanalala chini ya nyasi. Nitasema ukweli wote ili nisionekane nina kijicho: mabati hayo, kumi na manane, nilimpa mimi, mwaka ule mtumbwi wangu ulipozama na Dismasi akiwemo. Sikulazimishwa na mtu. Niliyapeleka kwa mkokoteni mchana kweupe, na watu waliona. Sasa umemtoa mtu kwenye umaskini kwa mkono wako mwenyewe, halafu mkutano unamrudisha hukohuko kwa kunyoosha vidole. Wewe uliyetoa unabaki na nini? Iliniuma sana, Ndugu Mtendaji, na sioni haya kusema.

2. Mkutano uliitishwa siku mbaya. Wewe si mtu wa maji, kwa hiyo nikueleze. Mwezi ukiwa mkubwa taa zetu hazivuti dagaa, basi mitumbwi inalala ufukweni wiki nzima na wavuvi wanazurura. Ndiyo maana Jumatano walijaa mpaka wengine wakakaa madirishani. Mngewaita siku za giza, saa nne asubuhi wangekuwa wamelala fofofo kwa uchovu, na mkutano ungebaki na watu wenye kufikiri, yaani mimi, na Mzee Omari mwenye mashine ya kusaga, na pengine wewe. Si vyema umaskini wa mtu kuamuliwa na watu ambao siku hiyo hawana kazi.

3. Mjadala wa chanzo cha umaskini uliendeshwa vibaya. Mwezeshaji alipouliza kwa nini wengine wana kitu na wengine hawana, mimi nilisimama nikaeleza kwa upole kwamba chanzo ni uvivu. Meshack, ambaye ni mvuvi wangu, anakula kwangu, akasimama kunijibu mbele ya halaiki. Namnukuu: "Mzee, tukitoka majini mafuta yanakatwa kwanza. Halafu injini ina fungu lake, wavu una fungu lake, taa zina fungu lake, mtumbwi una fungu lake, na yote hayo unabeba wewe. Kinachobaki tunagawana watu saba. Mimi hapa nilipo nimezidiwa na taa." Watu walicheka hadi mwenyekiti akagonga meza.

Sikupewa nafasi ya kujibu, kwa hiyo najibu hapa. Taa haijawahi kuniomba ruhusa ya kwenda msibani. Wavu haujawahi kuuguliwa na mtoto. Kama Meshack analitaka fungu la injini, na aanze kuishi kama injini: anywe mafuta, asimame anapozimwa, na anyamaze.

Na kuhusu uvivu sikusema maneno matupu, nina ushahidi. Mama Scola anafika Katonga kabla jua halijachomoza, anapokea dagaa, anawatandaza, anawageuza, anafukuza kunguru na mbuzi, mvua ikitisha anawazoa wote mbio, ikipita anawatandaza upya. Hayo simnyimi. Lakini nenda pale saa saba mchana. Utamkuta amekaa. Nimemwona kwa macho yangu, amekaa chini, miguu ameinyoosha, anasubiri dagaa wakauke, kana kwamba kukauka ni kazi ya jua peke yake.

4. Ruzuku inaharibu tabia. Zamani nikimwambia jambo aliitikia "ndiyo, mzee". Siku hizi anauliza kwa nini. Na bintiye Scola anakwenda shule na viatu.

5. Serikali ikishamfuta itakuwa na nafasi wazi, nami naomba nafasi hiyo ije kwangu. Usishtuke, nisome mpaka mwisho. Fomu zenu zinasema kipaumbele ni kaya inayoongozwa na mwanamke. Mimi nina nyumba tatu: ya Bi Hadija hapa Ujiji, ya Bi Safina kule Kasingirima, na ya yule mdogo kule Simbo. Ingia nyumba yoyote kati ya hizo siku ambayo si zamu yangu, utamkuta mama yuko peke yake na watoto, na akiulizwa baba yuko wapi atasema hajui. Bi Safina anasema hivyo hata siku ya zamu yangu. Kwa hesabu hiyo ninazo kaya tatu zinazoongozwa na wanawake, na mimi mwenyewe sina hata moja ninayoiongoza. Hakuna mtu mtaani aliyenyoosha kidole kunitaja. Mtu kwa kuwa ana mitumbwi miwili, basi anaonekana hana shida.

Isitoshe, ruzuku ukimpa Mama Scola anainunulia unga, na unga unakwisha. Ukinipa mimi naongeza mtumbwi wa tatu, na mtumbwi huo utahitaji wavuvi, nao watakuwa maskini wapya ambao ofisi yako itaweza kuwahudumia miaka mingi. Hayo ndiyo maendeleo ninayoyafahamu.

Ndugu Mtendaji, mimi tangu ujana sijapokea cha bure kutoka kwa mtu. Ninajitegemea. Ninachoomba ni kutambuliwa kama wengine. Nisalimie wote hapo ofisini, mlinzi, yule mama wa chai, na mwenyekiti umwambie simchukii ingawa alicheka.

Ni mimi mwananchi mwenzenu katika ujenzi wa taifa,
Abdulmajid Dadi.

N.B. Naongeza haya nyuma ya karatasi, nikiwa Katonga. Kwa kuwa sipendi kumsema mtu akiwa hayupo, nimepita kumsomea Mama Scola barua hii. Hakuacha kugeuza dagaa wa ghalani, waliotolewa kupigwa jua tena. Aliposikia mpaka mwisho akasema, "Sawa mzee, peleka tu. Ila siku za giza zikianza utanilipa kama wenzako wanavyowalipa waanikaji wao. Hii bei yako naiweza kwa sababu ruzuku ndiyo inayotununulia unga." Wale kina mama wengine wanne wanaonianikia nao wamo kwenye orodha. Wote walikuwa wamesimama wananitazama. Nimekaa juu ya ndoo, nikapiga hesabu, nikarudia. Kwa hiyo nakuomba sana usimfute, wala wale wanne usiwaguse, na kama bajeti inaruhusu muwaongezee. Ruzuku ikikatwa itabidi ujira wao wote niulipe mimi mwenyewe, na hilo si haki kumfanyia mtu anayejitegemea.